Mgeni wa kujitolea alale makaoni na watoto, au asilale?

Mleta mada, Kiambu

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka sita nimeshika vitabu vya hesabu vya makao ya watoto, sehemu mbili tofauti ambazo sitazitaja. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na naomba tulijadili kwa heshima, maana wanaozungumziwa ni watoto.

Msimamo wangu ni huu. Mtu yeyote anayekuja kujitolea kwenye makao, awe Mzungu, mwanachuo kutoka Nairobi au mwumini wa kanisa la jirani, asilale ndani ya ua wa makao. Asikae na mtoto mahali ambapo mtu mzima mwingine hawaoni. Asimtoe mtoto nje ya geti wakiwa wawili. Hata kama ndiye anayenunua unga. Hasa kama ndiye anayenunua unga.

Nataja kulala kwa sababu ya Juja. Mwaka 2014 kijana wa miaka 19 kutoka Oklahoma, Matthew Durham, alikuja kujitolea kwenye makao mamoja pale. Hakuwa mgeni mgeni, alikuwa amekuja mara kadhaa tangu 2012 na watoto wanamjua kwa jina. Safari hiyo aliomba apewe kitanda cha ziada palepale makaoni badala ya kulala nje kwa wenyeji wake. Akapewa. Mwaka 2015 mahakama ya Marekani ilimpata na hatia ya kuwadhulumu watoto kingono, na 2016 akahukumiwa miaka 40.

Halafu kuna Boito, kaunti ya Bomet. Mmarekani Gregory Dow na mkewe walifungua makao yao pale mwaka 2008. Mtu huyu alikuwa na hukumu ya kosa la kingono kwao Iowa tangu 1996. Miaka kumi na miwili baadaye alipokewa Bomet kama baba wa mayatima. Alikimbia Kenya 2017, na Februari 2021 akafungwa Pennsylvania miaka 15 na miezi 8. Hukumu ile ya zamani haikuwa siri. Kama kuna mtu huku aliyeiuliza, haikumzuia kufungua geti lake.

Sasa niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Makao ya kwanza niliyofanyia kazi yalikuwa na kitabu cha wageni chenye jalada la kijani, kipo mezani karibu na mlango. Safu zake: tarehe, jina, nchi, maoni, mchango. Kila mwisho wa mwezi nilikifungua kulinganisha michango na stakabadhi. Siku moja afisa wa watoto akaja kuuliza habari za mgeni aliyeondoka wiki tatu nyuma. Aliingia saa ngapi? Alikuwa na nani? Yule mtoto alimpeleka wapi? Tukakifungua kile kitabu. Tuliweza kumwambia mgeni alitoa shilingi ngapi. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kumwambia.

Karibuni.

Msimamizi wa makao, Nakuru

Kaka, nimekusoma hadi mwisho na hayo ya Juja na Bomet yameniuma. Lakini wewe ulishika vitabu. Mimi ndiye ninayeamka saa kumi alfajiri kuangalia kama gesi imebaki.

Nina watoto 34. Mgeni anayelala mjini hufika saa nne, anapiga picha, saa nane ameshaondoka na humsikii tena. Aliyelala hapa, akasikia mtoto anakohoa usiku kucha, huyo ndiye anayerudi kwao na kutuchangishia. Vyoo vyetu vimejengwa hivyo. Karo ya wanne walioko sekondari inalipwa hivyo. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mpango wake wa sasa wa kurudisha watoto kwenye familia unakwenda hadi 2032. Mimi siupingi. Ila kati ya leo na siku hiyo, hawa wangu wanakula mara tatu.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisema: ukishatangaza tetesi, wafadhili wanaondoka. Mtu mmoja anatuhumiwa, thelathini wanalala njaa. Kwa hiyo kama kuna tatizo, tulimalize ndani kwanza, tena haraka.

Mchungaji, Eldoret

Swali fupi tu. Na akisingiziwa? Nimeona mtu mwema akiharibiwa jina na kijana aliyenyimwa simu.

Afisa ustawi wa jamii mstaafu, Morogoro

Nawasalimu wote kutoka Tanzania. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana, na naona mleta mada ana nusu ya ukweli.

Wageni ndio wanaoandikwa magazetini, kwa sababu kesi zao zinasikilizwa Ulaya na Marekani. Lakini tuhesabu watu waliomo kwenye makao usiku. Mlinzi yumo. Mpishi yumo. Yupo mwalimu wa masomo ya ziada ambaye eti mvua imemzuia kurudi kwake. Wapo vijana wakubwa wa bweni, ambao nao ni watoto na wengine waliumizwa kabla hawajaletwa. Na msimamizi yumo, ambaye hakuna anayemkagua. Mwaka 2009 utafiti wa kitaifa wa Tanzania uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana ni karibu mmoja kati ya saba. Idadi hiyo haikuletwa na ndege. Imetoka majumbani, njiani, mitaani kwetu.

Mkiweka sheria ya wageni peke yao, mtawafundisha wafanyakazi kwamba wao ni salama kwa kuzaliwa. Mimi ninaogopa hilo kuliko kitanda cha ziada.

Dada wa Nakuru, hiyo ya kumalizia ndani naomba uiache kabisa. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe serikali za mitaa. Haisemi kwanza uitishe kikao cha bodi. Nimekuta makao ambako "kumalizia ndani" kulikuwa ni mbuzi mmoja kwa mjomba wa mtoto na karatasi iliyotiwa dole gumba.

Nimelelewa makaoni, Kisumu

Shikamoo mzee wa Morogoro. Mama wa Nakuru, shikamoo. Naandika polepole kwa sababu jambo hili ni langu.

Niliingia makaoni nikiwa na miaka mitano, nikatoka na kumi na minane. Gari la wageni likisikika kule barabarani tulinawishwa nyuso, tukapangwa mstari, wadogo mbele. Tunaimba. Wimbo ukiisha kila mmoja anakwenda kumshika mgeni mkono. Wao ni anko na anti tangu dakika ya kwanza, kabla hawajasema wanaitwa nani. Hakuna aliyetufundisha kwamba unaweza kukataa kushikwa. Ungekataaje? Aliyelegea kwa wageni aliambiwa jioni mbele ya wenzake kwamba anataka tukose viatu.

Kuna anko mmoja aliyekuwa akichagua. Sitasimulia zaidi ya hapo. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwambia mama mlezi, nikiwa namsaidia kuchambua maharage, kwa sababu ndiyo saa pekee aliyokaa chini. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliendelea kuchambua. Baadaye akaniambia, "Ijumaa anaondoka, wewe vumilia." Nafikiri na yeye aliogopa kufukuzwa, alikuwa na watoto wake wa kulisha. Nimemsamehe, lakini Ijumaa ilikuwa mbali.

Halafu kulikuwa na sanduku la maoni. Limepakwa rangi nzuri, limeandikwa SEMA USIOGOPE. Lilitundikwa nje ya mlango wa ofisi ya msimamizi, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mkufu wa funguo zake. Kwa miaka yote kumi na mitatu sikuona mtoto akitia karatasi mle.

Mchungaji, umeuliza akisingiziwa. Mimi nilisema ukweli na hakuna kilichotokea. Wenzangu wengi hata hawakusema. Naomba ulipime lako na hilo.

Msomaji, Goma

Jambo wandugu. Sisi huku tumejifunza kwamba sera nzuri kwenye karatasi haimlindi mtu. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, mashirika yalijaa Beni na Butembo na magari yenye nembo, na kila shirika lina kanuni zake za maadili. Tume huru ilipotoa ripoti Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na 21 kati yao walikuwa wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Mmoja wa waliotoa ushuhuda alikuwa binti, bado mtoto. Alikuwa anauza kadi za simu barabarani pale Mangina, Aprili 2019, dereva wa shirika akasimama akamwambia atamfikisha nyumbani. Hakumfikisha nyumbani.

Wazazi wetu walimfundisha mtoto aogope gari asilolijua. Lile walikuwa wanalijua, ndilo lililoleta dawa.

Mleta mada, Kiambu

Dada wa Kisumu, asante. Nimesoma ujumbe wako nikasimama kidogo kabla ya kuandika. Pole.

Mzee wa Morogoro, umenirekebisha na nakubali. Sheria iwe ya kila mtu mzima aliyemo, mimi mwenyewe mshika vitabu nikiwemo. Cheti cha tabia njema kidaiwe kwa mlinzi kama kinavyodaiwa kwa Mmarekani, na cha Mmarekani kitoke kwao, maana polisi wetu hawawezi kujua alichofanya Iowa. Lakini kwenye kulala sirudi nyuma. Mlinzi analala makaoni kwa sababu kazi yake iko usiku. Mgeni hana kazi ya usiku.

Mchungaji, sheria ya kutokaa na mtoto faragha inamlinda na huyo mwema wako. Ambaye kila saa yake ilionekana na watu wawili, nani atamsingizia akasadikiwa?

Dada wa Nakuru, kuhusu wafadhili kukimbia. Shirika la misaada la Oxfam la Uingereza liligundua mwaka 2011 kwamba wafanyakazi wake Haiti walikuwa wakinunua ngono baada ya tetemeko la ardhi, na kulikuwa na tuhuma kwamba baadhi ya walionunuliwa ni wasichana wadogo. Wengine walifukuzwa, mkuu wao wa Haiti akaachwa ajiuzulu, na umma haukuelezwa ilikuwa ni nini hasa. Likatoka gazetini Februari 2018. Maelfu ya wachangiaji waliacha kutoa, na Juni mwaka huohuo Haiti ikalifungia kufanya kazi nchini. Miaka saba ya kuficha iliwagharimu kuliko yale ambayo wangepoteza 2011. Mfadhili aliyeambiwa ukweli na wewe mwenyewe, mapema, huenda akaondoka. Aliyeusikia kwingine, huyo ataondoka tu, tena atawaambia wenzake.

Msimamizi wa makao, Nakuru

Mwanangu wa Kisumu, marahaba. Jana sikulala vizuri. Hapa kwetu pia kuna mstari na wimbo. Nilikuwa naona ni adabu ya kumpokea mgeni. Leo nimewauliza wakubwa watatu, mmoja mmoja, kama wanapenda kuimba. Wawili walisema wanapenda. Wa tatu aliangalia chini akaniuliza, "Ni lazima nijibu?"

Kuhusu vitanda bado sijakubaliana nawe, kaka. Nyumba ya wageni yetu iko upande wa pili wa shamba, na nikiifunga nitakosa pesa ya kulipa hata mlinzi wa usiku. Labda tuweke ua katikati, na mgeni asivuke baada ya saa kumi na mbili jioni. Nalifikiria hilo, sijaamua. Kwa sasa naomba unipe mpangilio mzuri wa kitabu cha wageni. Niweke safu gani?

Mleta mada, Kiambu

Jina na namba ya pasipoti au kitambulisho. Saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mfanyakazi aliyefuatana naye muda wote, na sahihi ya huyo mfanyakazi, asisainiwe na mwenzake. Kama mtoto ametoka nje ya geti: nani mwingine alikuwepo, walikwenda wapi, walirudi saa ngapi. Safu ya mchango iondoe. Pesa ina kitabu chake.

Nimelelewa makaoni, Kisumu

Na ufunguo wa sanduku, mama, atakaa nao nani?

Msimamizi wa makao, Nakuru

Si mimi. Nimemwandikia afisa wa watoto wa kaunti ndogo leo asubuhi kumwomba aje nao kila mwezi kulifungua yeye mwenyewe. Bado hajajibu. Asipojibu hadi Alhamisi nitakwenda ofisini kwake.