Kwa nini Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ina uzito mkubwa katika historia ya Zanzibar?

Swali
Ndugu zangu, nimepita Forodhani nikaliona jengo hilo limezungukwa na uzio wa matengenezo. Je, uzito wake unatokana na umri tu?

Jibu la 1
Umri ni sehemu ndogo, ndugu yangu. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya hafla na mapokezi ya dola, na jina lenyewe lilitokana na mambo ambayo watu wa mjini hawakuwa wameyazoea, yaani taa za umeme na lifti. Ukisimama mbele ya milango yake utaona aya za Kurani zilizochongwa kwenye mbao. Binafsi naona hiyo ni ajabu kuliko lifti.

Jibu la 2
Niongeze kuhusu mnara. Awali ulisimama peke yake mbele ya jengo, ukiwa na taa ya kuongozea vyombo, lakini manowari za Uingereza zilipolishambulia kasri la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja, uliharibika, ndipo mnara wa saa ukajengwa kwenye jengo lenyewe. Baadaye Waingereza waliweka humo ofisi za serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likapitia matumizi mengine hadi kuwa makumbusho.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Na uzio?

Jibu la 2
Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mnara ukiwemo, na watu wawili wakapoteza maisha.