Naomba ushauri: kutembea kwa miguu njia ya misafara, Kwihara mpaka Ujiji

MwalimuChemchem:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora. Likizo ya Juni nina siku 16, na nimekusudia kutembea kwa miguu njia ya zamani ya misafara, kuanzia tembe la Kwihara mpaka Ujiji. Nitakuwa na mdogo wangu wa miaka 24.

Sababu yangu ni babu. Yuko hai, ana miaka 87, na tangu tuko wadogo anatusimulia kwamba babu yake yeye alikuwa mpagazi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, begani, mwezi hadi mwezi. Kila mwaka naandika habari hizi ubaoni na wanafunzi wananiuliza njia yenyewe ilipita wapi. Nataka nikiwajibu niwe nimeikanyaga.

Ninachohofia ni maji. Kuanzia Kaliua kwenda Nguruka naona pori tupu kwenye ramani ya simu, na mito ambayo nasikia kiangazi inabaki mchanga. Je, siku 16 zinatosha? Na njiani kuna maghofu gani mengine ya kuona?

MrinaAsali_Kaliua:
Mwangaluka mwalimu. Nia ni nzuri, ila hesabu haikai. Kwa reli tu Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Gawanya kwa 16 uone: kila siku kilomita 25 na zaidi, bila siku ya kupumzisha miguu, na begi mgongoni. Mdogo wako atafika Kaliua amejaa malengelenge.

Kuhusu maji. Juni si mbaya kama Septemba, lakini usitegemee mto, tegemea visima vya vijiji na malambo. Mimi mwenyewe mwaka juzi mwezi wa tisa nilikwenda kukagua mizinga na dumu la lita tano, nikiwa nimehakikishiwa kwamba lambo mbele lina maji. Nilikuta tope lililokanyagwa na ng'ombe, kwato zimejaa kila mahali, na kwenye kila kwato kijiko cha maji ya kijani. Kilichoniokoa ni nyuki. Kiangazi nyuki hawaendi mbali kutafuta maji, kwa hiyo nilikaa kimya nikaangalia wanakoteremkia. Walinipeleka kwenye kona ya mto mkavu. Hapo usichimbe katikati. Chimba upande wa nje wa kona, chini ya ukingo, mahali mchanga ulipo mweusi kidogo. Nilichimba mpaka kiwikoni ndipo maji yakaanza kujikusanya, nikasubiri yatulie, nikachota kwa kikombe.

Nguo: acha bluu na nyeusi nyumbani, mbung'o wanazifuata. Kaki ndiyo salama. Na upande wa kusini msijikatie njia kuelekea Mto Ugalla, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2019, haiingiwi hivi hivi.

Nesi_Nguruka:
Naongezea kwa mrina asali. Mbung'o wanaambukiza malale. Mkirudi nyumbani na mmoja wenu akapata homa, hata wiki kadhaa baadaye, msimeze dawa ya malaria mkanyamaza. Mwambieni daktari mmepita pori la mbung'o ili damu ipimwe malale pia. Maji ya lambo yachemsheni hata kama mnayaona meupe. Soksi jozi tatu kila mmoja, na zilizolowa jasho zisivaliwe tena mpaka zikauke.

BabuWaIsevya:
Mwanangu, nimefurahi kusoma. Ngoja nikutoe kwenye wazo moja. Usitegemee maghofu ya mawe kama ya Kilwa. Watu wa huku walijenga tembe: kuta za udongo, paa la bapa la miti na udongo, vyumba vimezunguka ua. Paa likishavuja na hakuna wa kulitengeneza, masika machache yanatosha, nyumba yote inarudi kuwa ardhi. Hata hilo la Kwihara unaloliona lilijengwa upya. Alipokaa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, mwaka 1872 akisubiri wapagazi palikuwa hapo, lakini udongo huo si ule.

Kilichobaki ni miembe. Ukiona miembe mikubwa imepangana mstari mahali pasipo na kijiji, na shina moja watu wawili hawalikumbatii, simama hapo. Watu walipumzika hapo, au walikaa. Angalia chini: vigae vya vyungu, ushanga ukibahatika. Viache palepale.

Jambo la pili, njia haikuwa moja. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alitoka Kwihara akazungukia kusini, kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani huku Tabora, na njia ya kawaida ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo anayekwambia "njia ni hii hapa" muulize ni ya mwaka gani.

MwalimuChemchem:
Shikamoo mzee. Hilo la miembe limenifungua macho. Mrina asali na nesi, nashukuru sana. Je, nikikata safari, nitembee kipande kipi?

Chumvi_Uvinza:
Tembeeni kipande chetu! Kwihara mnaimaliza kwa siku moja kutoka mjini, kisha pandeni treni mpaka Uvinza. Uvinza hadi Ujiji ni karibu kilomita 100, siku sita kwa mwendo wa kuangalia vitu.

Tena mkifika hapa msipite mbio. Hapa Mto Ruchugi unapokaribia kuingia Mto Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha tangu karne ya tano au ya sita. Wanaakiolojia walichimba hapa mwaka 1967 wakakuta vyungu na majivu tabaka juu ya tabaka. Mpagazi wa ukoo wenu akiwa amepita njia hii, chumvi ya Uvinza ameilamba, sina shaka. Wavinza walitoza hongo, na enzi hizo hongo maana yake ilikuwa ushuru wa njia. Ulilipa nguo na shanga ndipo ukavushwa mto.

Malagarasi haikauki. Ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake. Stanley alipovuka, punda wake mmoja aliyeitwa Simba alichukuliwa na mamba akiwa anavushwa kwa kamba. Msioge mtoni, choteni maji mahali wenyeji wanapochota, na msikae ukingoni jioni. Na nawaomba msitembee juu ya reli wala kwenye madaraja yake. Kuna watu wanaona ni njia ya mkato. Treni ikikukuta katikati ya daraja huna pa kukimbilia.

Vitambulisho vya taifa muwe navyo mfukoni, huku ni mpakani na mtaulizwa. Kila kijiji mnachotaka kulala, nendeni kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji.

BintiUjiji:
Kaka, mkishavuka Mto Luiche mtaona mashamba ya mpunga bondeni, mjue mmefika. Pale kwenye mnara wa Livingstone, alipokutana na Stanley, wageni wengi wanashangaa ziwa liko mbali. Mwaka 1871 maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa lilizidi kujaa mpaka 1878, likapasua njia kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, ndipo likashuka. Waambie wanafunzi wako hilo.

Ila msiishie mnarani. Shukeni mpaka mwaloni mle migebuka, na muwasalimie wazee wa Kimanyema. Wengi wana mababu waliokuja na misafara hiyohiyo, wengine bila hiari yao. Mpagazi alilipwa. Kulikuwa na waliofungwa minyororo kwenye njia ileile, na mimi sipendi wakisahaulika.

MwalimuChemchem:
Dada, asante kwa kunikumbusha, nitaliandika ubaoni kabla ya habari za Livingstone.

Nimeamua. Kwihara siku ya kwanza, treni hadi Uvinza, siku mbili kwenye chumvi, kisha miguu mpaka Ujiji. Kaliua hadi Nguruka nitaiacha mwakani, na nitamtafuta mrina asali kwanza. Chakula tunabeba michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Begi la mdogo wangu nimelipima leo, kilo 11 bila maji. Chumvi_Uvinza, treni ikitufikisha usiku tufanyeje?

Chumvi_Uvinza:
Kaeni palepale stesheni mpaka kupambazuke, na nguo nzito, Juni kuna baridi. Asubuhi ulizeni njia ya Ruchugi. Na mje na kitambaa kigumu cha kufungia chumvi ya babu, kibaba kimoja tu, maana bado mna kilomita 100 za kuibeba.

MwalimuChemchem:
Nimemweleza sasa hivi kwa simu. Anasema vibaba viwili.