Kila Ijumaa difenda ya polisi inazoa akina dada Sinza, Jumatatu wamerudi

Wakuu habarini, mi nauza chipsi Sinza karibu na Afrika Sana. Difenda inakuja usiku inabeba akina dada wanaojiuza, siku mbili tatu nawaona tena pale pale. Hivi sheria inasemaje, na mbona wateja hawakamatwi?

Jibu 1
Mkuu wanatumia kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinamtaja kahaba anayezurura au kutafuta wateja hadharani, mteja hakutajwa ndo maana anawasha gari anasepa. Dada analipa faini, sasa hela ya faini ataitoa wapi kama sio barabarani tena?

Jibu 2
Mi kinachoniuma ni kingine. Kuna dada alikuja kibandani kwangu saa tisa usiku, kiatu mguu mmoja, gauni limechanika begani, kabakwa na mtu aliyejifanya mteja. Nikampeleka kituo cha polisi wakamuuliza "si ndo kazi yako?" akanyamaza, akaanza kutetemeka. Jamani, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haijabagua mtu, ubakaji ni miaka 30 jela! Mtu akiogopa kituo kuliko mbakaji, yule mbakaji atakamatwaje?

Jibu 3
Mpe pole huyo dada. Siku nyingine ulizia Dawati la Jinsia na Watoto hapo hapo polisi, apewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), asioge kwanza, awahi hospitali ndani ya masaa 72 apate dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya VVU.

Muuliza swali
Asanteni. Wapo wanaokulaga kwangu, leo nawaambia hayo masaa 72.