Kina Raimon wa Toulouse wananichanganya, nisaidieni

msomavitabu: Wakuu habari zenu. Nasoma historia ya kusini mwa Ufaransa, kule kwa Waoksitani, yaani kila nikifungua ukurasa ni Raimon, mara baba, mara mtoto, mara mshairi. Aliyechapwa viboko kanisani ni yupi hasa? Kitabu kimoja kinasema Saint-Gilles kingine Paris.

Mzee wa Kale: Vyote viko sawa mkuu, ni watu wawili. Raimon VI, mtawala wa Toulouse, alichapwa Saint-Gilles 1209, kavuliwa nguo mpaka kiunoni mbele ya maaskofu, kisa mjumbe wa Papa aliuawa mwaka uliotangulia na lawama zikamwangukia yeye. Mwanae Raimon VII nae akaenda kutubu Notre-Dame, Paris, 1229 kwenye ule mkataba na mfalme wa Ufaransa, na juu yake akabebeshwa mishahara ya walimu wa chuo kikuu kipya cha Toulouse, hicho ndo kichekesho chenyewe. Yule wa Vita vya Msalaba vya kule Mashariki ni Raimon IV, wa zamani zaidi, alifia karibu na Tripoli ya Lebanon 1105.

binti_nyaraka: Ongeza na Raimon Roger Trencavel bwana wa Carcassonne, mpwa wake Raimon VI, watu humsahau. Alitoka nje ya ngome kwenda kuongea na wavamizi, yaani jeshi la msalaba lililotumwa na Papa kuwapiga Wakathari aliowaita wazushi, wakamkamata hapohapo, miezi michache mbele kafia gerezani kwenye mji wake mwenyewe akiwa na miaka 24. Mjomba mtu siku hizo alikuwa upande wa wavamizi, ameshatubu si ndio, sasa mi hapo huwa simwelewi kabisa. Alikuja kuwageuka baadae na akafa 1222 bado katengwa na Kanisa, wakakataa azikwe. Mwanae alihangaika miaka na miaka kumwombea baba yake kaburi, wapi.

msomavitabu: Duh. Na mshairi je?

binti_nyaraka: Raimon de Miraval, malenga, huyo si wa ukoo wao ila alikuwa rafiki mkubwa wa Raimon VI. Wasifu wake wa kale unasema hao wawili walikuwa wanaitana Audiart, jina la kike! Kingome chake cha Miraval kilichukuliwa vitani.

msomavitabu: Hahaha Raimon wawili wanaitana Audiart, sasa mimi nitapona kweli? Na Raimon VIII yuko wapi, nimemtafuta simwoni

Mzee wa Kale: Hakuna. Wa VII aliacha binti tu, Jeanne, na ule mkataba wa 1229 ulishamtoa aolewe na Alphonse mdogo wake mfalme. Wakafa wote wawili 1271, wamepishana siku chache tu na hawana mtoto, Toulouse ikaenda kwa mfalme. Ukikutana na Ramon Berenguer usimtie humo, hao ni wa Barcelona na Provence, anzisha uzi mwingine maana nao ni wengi balaa.