Darasa la falsafa la WhatsApp limetupiga, eti Nietzsche ndo mwanzilishi wa nihilizimu!

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na mwingine wala msiupeleke jukwaa la dini, kinachoniuma hapa ni hela yangu.

Kuna jamaa anauza madarasa ya falsafa WhatsApp, jina simtaji, matangazo yake mnayaona kila kona. Unatuma buku kumi na tano unaingizwa kwenye grupu, unapewa pidiefu na voisi za kusikiliza. Mi nililipia "historia ya nihilizimu", yaani ile fikra kwamba maisha hayana maana wala maadili hayana msingi. Nafungua pidiefu, ukurasa wa kwanza picha ya Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani, na yale masharubu yake, chini kwa herufi kubwa MWANZILISHI WA NIHILIZIMU, MAISHA HAYANA MAANA FANYA UTAKALO. Aisee.

Mwanzilishi wa wapi? Mwaka 1799 huko Ujerumani mwanafalsafa Jacobi ameshamwandikia mwenzake Fichte barua ya wazi, anamshutumu kwamba falsafa yake ya kuanzia kila kitu kwenye nafsi mwisho wake ni utupu mtupu, na neno nihilizimu limo humohumo. Nietzsche kazaliwa 1844. Hata kutoa tu kunamshinda mwalimu?

Sasa njoo kwa Warusi ndo utachoka kabisa. Kawapa mistari miwili, eti "walikata tamaa ya maisha kutokana na baridi kali". Baridi!! Wakati Bazarov, mhusika wa mwandishi Turgenev kwenye riwaya ya 1862, ndo mtu aliyelifanya hilo jina la nihilisti lijulikane dunia nzima, na hajakata tamaa hata kidogo, ni mwanafunzi wa udaktari anayeshinda bwawani anatafuta vyura wa kupasua, haamini wakubwa wala mashairi wala mapokeo ila anaamini kile anachokiona akikata. Na hata kifo chake kinatokana na kazi hiyohiyo, alipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa homa akajikata kidole, daktari wa pale hana dawa ya kuunguza kidonda, akarudi nyumbani kwa baba yake wakachelewa. Huyo ndo wa kuambiwa alikaa tu analalamika maisha hayana maana?

Na vijana wenyewe wa Urusi waligawanyika, mhakiki Pisarev akamsifia Bazarov, wengine wakasema Turgenev katukejeli. Mwaka huohuo moto ukaunguza Petersburg, na Turgenev mwenyewe kaandika kwamba aliporudi mjini mtu wa kwanza kukutana naye alimwambia ona manihilisti wako wanavyofanya, wanauchoma mji. Yaani riwaya imetoka juzijuzi tu tayari imegeuka kesi. Baadaye 1869 kundi la mwanamapinduzi Nechayev likamuua mwanafunzi mwenzao Ivanov kule Moscow, mwandishi Dostoyevsky akachota humo riwaya nzima. Halafu 1881 Tsar Aleksanda wa Pili akauawa kwa bomu, magazeti ya Ulaya yakapiga kelele manihilisti manihilisti, wakati wale Narodnaya Volya, kundi la siri lililomuua, walikuwa na madai yao kabisa, wanataka bunge la kuchaguliwa na ardhi kwa wakulima. Sofia Perovskaya, mmoja wao, alinyongwa kwa kesi hiyo. Nani ananyongwa kwa ajili ya kitu asichokiamini?

Haya, turudi kwa huyo Nietzsche. Ile "Mungu amekufa" ya 1882 jamaa kaiweka kama mtu anashangilia goli. Isomeni basi! Kuna kichaa anaingia sokoni mchana kweupe na taa inawaka, anamtafuta Mungu, wasioamini wanamcheka wanamuuliza kwani kapotea, kasafiri? Anawaambia tumemuua sisi, nyie na mimi, kisha anaipiga taa chini inavunjika, anasema nimekuja mapema mno. Hao wanaocheka ndo Nietzsche anawaogopea, anaona maadili yao yote yalisimama juu ya kile walichokiua na wenyewe wala hawana habari. Nihilizimu kwake ni ugonjwa unaokuja, anatafuta njia ya kuuvuka, sasa wewe unamgeuza mgonjwa wa kwanza.

Tena pidiefu inanukuu "kitabu chake kikuu" Utashi wa Mamlaka. Akili ya Nietzsche iliharibika Turin Januari 1889, akafa 1900, kitabu kikatoka 1901 kimeungwaungwa na dada yake Elisabeth na wenzake kutoka kwenye madaftari. Mwalimu hagusii hata kidogo.

Na mwandishi wetu Kezilahabi hayumo! Darasa la Kiswahili kuhusu utupu wa maisha, Kazimoto wa riwaya yake Kichwamaji anahoji maana ya kuishi mpaka anajiua, kitabu kipo tangu 1974, hakitajwi popote.

Nikauliza kwa adabu tu grupuni kuhusu Jacobi. Admini akajibu kwa voisi "ndugu ujuaji mwingi peleka chuo", nikaandika tena, nikatolewa. Namtumia meseji ya hela yangu naona tiki mbili za bluu na kimya. Mliolipia hilo darasa njooni hapa tujuane, kuna yeyote amerudishiwa?