Mrejesho: ofa ya mafuta ya mke wangu, Texas

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kama mke wangu asaini ofa ya kampuni iliyotaka kukodi haki za mafuta na gesi alizorithi kwa bibi yake, kaunti ya Reeves, Texas. (Kule mtu binafsi anaweza kumiliki kilicho chini ya ardhi hata kama shamba la juu ni la mwingine. Kwetu Tanzania ni mali ya umma.)

Ile ya kwanza ameikataa. Fedha ya kusaini ilivutia, lakini mrabaha (fungu la mwenye haki katika mapato ya mafuta na gesi) ulikuwa moja ya nane, yaani asilimia 12.5, wakati Bonde la Permian, eneo la mafuta ilipo Reeves, wengi hudai 20 hadi 25. Fedha ya kusaini hulipwa mara moja. Mrabaha huendelea muda wote kisima kinapotoa.

Mwanasheria alikomalia zaidi gharama za baada ya uzalishaji. Kampuni ilitaka kukata pesa za kusafirisha, kugandamiza na kusafisha gesi kabla ya kumlipa. Hapo ndipo wenye haki wanapoumia, tena kimyakimya, hundi kwa hundi. Kipengele kimefutwa. Na baada ya miaka mitatu, eneo lisilochimbwa linarudi kwake. Yaani kampuni haiwezi kuchimba kisima kimoja tu ikashikilia ekari zote.

Amesaini kwa asilimia 25, fedha ya kusaini ikashuka kidogo. Mwenye ofa kama hii aangalie kwanza uzalishaji wa visima jirani kwenye tovuti ya Railroad Commission of Texas, ambayo licha ya jina lake la reli ndiyo mamlaka ya mafuta na gesi ya jimbo. Ni bure.