Naomba ushauri: mkataba wa kaboni kwa miti yetu ya Kabare

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Marehemu baba alituachia miti huko Kabare, mikaratusi na grevilea, juu ya ardhi tuliyopata kwa kalinzi, yaani haki ya kimila tunayopewa na mwami, chifu wetu wa jadi. Sasa kampuni moja inatuomba tusikate kwa miaka 30, nayo iuze kaboni, yaani ile hewa chafu ambayo miti inanyonya na kuhifadhi, na kutugawia pesa. Walipima mashina kwa utepe usawa wa kifua, mita 1.3 toka chini, wakaandika kila mti.

Najua krediti moja, yaani kipimo wanachouza, ni tani moja ya kaboni dioksidi. Najua pia kwamba Sheria ya Misitu ya Kongo (Code forestier) ya 2002 inasema misitu ni mali ya Serikali, lakini miti ya shamba la mtu ni ya mwenye shamba. Hapo ndipo nashikwa: kaboni yenyewe inamfuata nani? Sisi, mwami, au Serikali? Karatasi ya kalinzi inatosha kusaini, au lazima kwanza tutafute hati ya serikali?

Jambo lingine, mama anategemea miti hii. Kila karo ya shule inapokaribia, tunauza mirunda na makala (mkaa). Mkataba hausemi malipo yataanza lini, wala nani atabeba hasara moto ukipita. Wadogo zangu wanataka tusaini wiki hii, mie bado naogopa.

Aliyewahi kusaini, au mwanasheria wa ardhi, anisaidie: ni vipengele gani nidai viandikwe? Na tunaweza kutoa nusu tu ya miti, nusu ibaki ya mama?